Macho makavu baada ya leza: jua kwanza ukavu wako ni wa aina gani ndio ununue matone

Wale mlifanyiwa leza ya macho mkatupa miwani mkafurahi, halafu miezi ikapita na bado macho yanachoma, yanawasha, ukiamka asubuhi kope zimeng'ang'ania jicho, hii somo ni yenu. Na mimi niko kwa hilo kundi. Nafundisha hapa Nakuru, chaki upande huu, laptopu ya kujaza maksi upande ule, na ikifika Januari na Februari ule upepo wa kiangazi unabeba vumbi lote la mjini unaleta kwa uso, kwa hivyo hapa mtu hawezi kujifanya hana shida.

Mi si daktari, niseme mapema. Hii ni ya mtu anaishi nayo na ameuliza madaktari maswali mpaka wakamchoka.

Shida kubwa naona ni moja: mtu akihisi macho yamekauka anakimbia kwa kemisti anaitisha "dawa ya macho", anapewa chochote, haisaidii, anarudi kupewa ingine. Hakuna mtu amemuuliza ni nini hasa kimekauka. Machozi si maji tu. Kuna maji yenyewe, kuna ute unaofanya maji yashike kwa jicho, na juu kabisa kuna mafuta kidogo yanayozuia maji yasipotelee hewani, na hayo mafuta hutoka kwa tezi ndogo ndogo zimejipanga kwa ukingo wa kope. Alafu kuna neva. Kwa operesheni ya LASIK wanakata ganda jembamba kwa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, wanalifunua, leza inafanya kazi chini yake kisha ganda linarudishwa. Neva zinazopita hapo zinakatika pia. Na hizo ndizo huambia ubongo jicho limekauka, leta machozi, pepesa. Zikikatika ujumbe haufiki vizuri. Kwa wengi zinaota tena na mambo yanatulia kati ya miezi 6 na 12. Kuna wachache haitulii, inakuwa ya kudumu, na hao ndio naongea nao leo.

Kwa hivyo ukavu wako unaweza kuwa ni wa maji kidogo, au wa mafuta mabaya, au wa neva, au vyote vimechanganyika. Dawa ya hii si dawa ya ile.

Hatua ya 1: Itisha vipimo, usikubali kuangaliwa tu na tochi

Kuna kipimo kinaitwa Schirmer, wanaweka kikaratasi kwa kope ya chini dakika 5 wanapima kimeloa milimita ngapi. Chini ya 10 si kawaida, chini ya 5 ni ukavu mkali. Kuna kingine wanaweka rangi ya manjano kwa jicho, unaambiwa usipepese, wanahesabu sekunde mpaka ule utando wa machozi uanze kupasuka. Chini ya sekunde 10 inamaanisha machozi yako hayakai, na mara nyingi hapo mafuta ndio shida. Hiyo rangi pia inaonyesha kama konea imechubuka. Ya tatu mwambie daktari aminye kope kidogo aone mafuta yanatoka aje: yakiwa safi ni majimaji, yakiwa mabaya yameganda kama Kimbo ya asubuhi ya baridi.

Andika hayo majibu kwa kitabu. Daktari wa pili atakuuliza, na hospitali zetu mnajua faili hupotea.

Taja pia dawa zote unazomeza. Piriton na jamaa zake za aleji hukausha macho, amitriptyline pia, na zile tembe za chunusi za isotretinoin ndio usiseme. Ukiwa na viungo vinauma na mdomo mkavu pamoja na macho, sema, kwa sababu kuna magonjwa ya mwili yanayoanza hivyo na leza inasingiziwa bure.

Hatua ya 2: Matone, lakini soma lebo

Matone ya machozi bandia mengi yana carboxymethylcellulose ama sodium hyaluronate, zote sawa, jaribu uone jicho lako linapenda gani. Cha kuangalia sana ni kihifadhi. Chupa nyingi za bei ya chini zina benzalkonium chloride, inazuia viini visiote ndani ya chupa lakini ukiitumia zaidi ya mara 4 kwa siku, siku nenda siku rudi, yenyewe inaanza kuumiza ngozi ya jicho. Yaani unatibu ukavu kwa kitu kinacholeta ukavu. Kama unaweka mara nyingi tafuta yasiyo na kihifadhi, yanakuja kwa vichupa vidogo vya kutumia siku hiyo unatupa. Ni ghali, ndio, najua.

Kuweka: nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja tu, mdomo wa chupa usiguse kope, funga macho dakika moja bila kukaza. Tone la pili mara moja halisaidii, linamwagika kwa shavu. Kama una dawa mbili ngoja dakika 5 katikati, na mafuta mazito ya usiku yawe ya mwisho ukishaingia kitandani, kwa sababu yanafanya uone ukungu.

Usingoje jicho liume ndio uweke. Weka kwa saa, ukitoka nyumbani, kabla ya kufungua laptopu, kabla ya kulala.

Sasa vitu viwili vya kukataa hata ukipewa bure. Cha kwanza ni matone ya kuondoa wekundu, yale ya naphazoline au tetrahydrozoline, yanabana mishipa jicho linakuwa jeupe masaa machache halafu wekundu unarudi na hasira. Cha pili ni dawa za steroidi kama dexamethasone bila daktari kukuangalia. Hizo zinatuliza kweli, ndio maana watu huzipenda na wanapeana majirani, lakini ukizitumia muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho ukapata glakoma, ule ugonjwa unaoua neva ya kuona, au ukapata mtoto wa jicho. Daktari akikuandikia kwa muda mfupi na anakupima presha ya jicho, hiyo ni sawa.

Hatua ya 3: Joto kwa kope

Hii ni ya wale wa mafuta mabaya, na ni bure, ndio maana hakuna mtu huitangaza. Kitambaa safi, maji moto ya kuvumilika (jaribu kwa mkono wa ndani kwanza), unakamua unaweka juu ya macho yaliyofungwa dakika 5 hadi 10. Shida ya kitambaa ni kupoa, dakika mbili kimeisha, kwa hivyo weka thamosi ya maji moto karibu na uwe unakirudisha. Ukimaliza papasa kope polepole kuelekea kwa ukingo, ya juu kushuka, ya chini kupanda, kisha safisha ukingo na pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Asubuhi na jioni, wiki kadhaa, ndio uanze kusema inafanya kazi au haifanyi.

Usikandamize na usifikiche. Jicho lililofanyiwa LASIK lile ganda halirudi kuwa imara kama zamani, na kama operesheni ni ya juzi uliza daktari wako kabla ya hii hatua yote.

Hatua ya 4: Kupepesa, upepo, moshi

Mtu wa kawaida hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, akiangalia skrini inashuka hata nusu, na wengi wanapepesa nusu nusu, kope haifiki chini. Kila dakika 20 angalia mbali na ufunge macho kabisa mara kadhaa. Skrini iwe chini ya usawa wa macho ili kope zishuke. Feni na eisi zisielekee uso. Kwa matatu usikae dirishani, ama funga hilo dirisha hata kama kondakta analalamika. Jiko la makaa lipikie nje.

Hatua ya 5: Ikikataa

Hapa ni kwa daktari wa macho, si kemisti. Kuna matone ya cyclosporine, Marekani waliyaidhinisha 2002, yanatuliza uvimbe wa ndani ili jicho litengeneze machozi lenyewe, lakini yanachoma mwanzoni na yanaweza kuchukua miezi 3 hadi 6, watu wengi huacha wiki ya tatu. Kuna vizibo vidogo vya kuziba matundu ya kona ya jicho ambako machozi hutorokea puani, kazi ya dakika chache, vinasaidia wa maji kidogo, ila uvimbe utulizwe kwanza. Kuna matone yanayotengenezwa kutoka kwa damu yako mwenyewe, na kuna lenzi kubwa ngumu zinazoshikilia maji juu ya konea siku nzima. Upande wa magharibi watu wengi huanzia Sabatia Eye Hospital kule Vihiga, na wa upande wa Nairobi kuna hospitali ya Kikuyu. Piga simu kwanza uulize kama wana kile unatafuta.

MASWALI

*Mwalimu, mimi macho yanatoa machozi mengi hata aibu, nikiendesha pikipiki hapa Kisumu, Kondele hadi Mamboleo, yanamwagika tu, na daktari ananiambia ni makavu. Ananidanganya?*

Omera, hakudanganyi. Jicho likikauka na kuumia linaita machozi ya dharura, ni maji matupu yanakuja kwa wingi, hayana ule ute na mafuta ya kutosha, yanamwagika na baada ya dakika limekauka tena. Upepo wa pikipiki unazidisha. Vaa helmeti yenye kioo ushushe, au miwani inayofunga pande zote, itakuzuilia na wale wadudu wa ziwa jioni. Na ukaangaliwe kope, wa aina yako mara nyingi ni mafuta.

*Ni kweli omena inatibu? Mama mkwe amenijazia ndoo.*

Kula omena dadangu, ni chakula kizuri, na mama mkwe usimkosee. Lakini kama ni kwa ajili ya macho punguza matumaini. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2018, watu 535, wengine wakapewa gramu 3 za omega-3, yale mafuta ya samaki, kila siku mwaka mzima, wengine mafuta ya zeituni, na mwishowe hawakutofautiana. Kwa hivyo zile tembe za mafuta ya samaki za bei kali, mi pesa hiyo ningenunua matone.

*Nimeambiwa niweke asali ama maziwa ya mama, niko Kakamega.*

Hapana. Yote yanaweza kubeba viini, na konea iliyoguzwa na leza si ya kuchezea.

*Binti yangu ni wa chuo hapa Njoro, anataka leza, na macho yake tayari huwa makavu akivaa lenzi. Nimruhusu?*

Mama, apimwe ukavu kwanza, vile vipimo vya hatua ya 1, kabla hamjalipa hata deposit. Aliye mkavu kabla ya leza ndiye hubaki mkavu baadaye, hiyo ni moja ya dalili za wazi kabisa. Kuna njia zingine za leza, PRK haina lile ganda, SMILE inakata kidogo tu, lakini zote hugusa neva. Kliniki ikikimbilia kumpangia tarehe bila kumpima machozi, toka hapo. Miwani si ugonjwa.

*Miaka mitatu sasa. Daktari anaangalia anasema jicho ni safi kabisa, lakini mimi nachomeka mpaka siwezi kukaa kwa mwanga. Watu wanasema ni mawazo. Eldoret.*

Pole sana, na si mawazo. Neva zikiota vibaya baada ya kukatwa zinaweza kutuma maumivu hata kama jicho linaonekana liko sawa. Mwambie daktari afanye jaribio la tone la ganzi hapo kliniki: maumivu yakiisha kwa muda, shida iko kwa neva za jicho, yakibaki basi shida imepanda juu zaidi, na hapo unahitaji pia daktari wa neva au wa maumivu. Hilo tone la ganzi usipeleke nyumbani hata ukibembelezwa, linaharibu konea. Na ukianza kuona maisha hayafai, ongea na mtu leo, si kesho.

*Wanja naweza kupaka?*

Paka nje ya kope, si pale kwa ukingo wa ndani, ndipo tezi za mafuta zinatokea na unaziziba. Na utoe kabla ya kulala. Ile penseli ya mwaka jana tupa.