Kufunga rejeta kubwa kwenye Peugeot 504

Kabla hujatoa pesa, thibitisha kwamba rejeta ndiyo yenye kosa. 504 zilizounganishwa Mombasa zilipanda hadi Nairobi, kama mita 1,700 juu ya bahari, zimejaa abiria na mizigo, kwa rejeta ileile ya kiwandani. Gari likichemsha, anza na thamostati (vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto), mkanda na feni. Feni za 504 nyingi hushikwa na sumaku ya umeme injini ikipata joto. Waya ukikatika, feni haivuti upepo wa maana, na hapo hata rejeta ya lori haitakuokoa.

Mimi nilibadilisha kwa sababu mirija ya ile ya zamani ilikuwa imeziba chokaa, na fundi wa rejeta alishaichomelea hadi hapakuwa na pa kuchomelea tena.

Pima nafasi uliyo nayo kabla ya kuitazama rejeta yoyote dukani. Upana na kimo ni rahisi, ila kimo kipime boneti ikiwa imefungwa: bandika donge la udongo laini juu ya rejeta ya zamani, funga, fungua, uone limebonyea kiasi gani. Unene ndio unaowaponza wengi. Kati ya feni na rejeta acha angalau milimita 25, maana injini husogea mbele ukifunga breki kwenye barabara ya mashimo. Ukiweza kuchagua, chukua iliyo pana kuliko iliyo nene. Safu nyingi za mirija huzuia upepo, na mlimani nyuma ya trela upepo ndio unaokosekana.

Ukichukua rejeta ya alumini, kumbuka haipendi kubanwa. Usiifunge kwa bolti moja kwa moja kwenye bodi. Ilaze juu ya raba nene, na juu ishikiliwe na vibano vyenye raba pia. Ikitikiswa ikiwa imekazwa, hupasuka kwenye maungio. Raba hiyo pia huitenga na chuma, na kwa hewa ya chumvi ya pwani hilo ni jambo kubwa. Usifunge waya wowote wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) kwenye rejeta.

Kisha kava la feni. Kata kiolezo kwa boksi kwanza, ukijaribishe, ndipo ukate bati. Ziba kwa sponji mianya yote ya pembeni, la sivyo upepo utapita kando na rejeta kubwa itakuwa pambo tu.

Mipira ya maji weka mipya. Mfuniko wa rejeta usizidi presha ya ule wa awali, kwani hita na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa zaidi. Lakini uzibe sawasawa: Nairobi maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Jaza kulenti (dawa ya kupoza injini) nusu na maji yaliyotoneshwa nusu. Maji ya kisima cha Mombasa, yenye chumvi, yataitoboa alumini. Inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, legeza mpira wa juu kabisa, ujaze polepole hadi mapovu yaishe. Hedi ya 504 ni ya alumini, na hewa iliyobaki humo huipinda.

Jaribu kwa kupanda mlima wa Mazeras, nje ya Mombasa. Injini ikishapoa kabisa, kaza klipu zote tena na uongeze maji yaliyopungua.