Somo: Kupima sauti ya kijana mwenye afya kwa Praat (programu ya kompyuta ya kuchambua sauti)

Wengi hukimbilia kompyuta, na kipimo kimeshaharibika chumbani. Kwa hiyo tuanzie huko.

1. Mtu. Asiwe na mafua, asiwe mvutaji, na asiwe ametoka uwanjani kushangilia. Mwanafunzi aliyekauka koo hafai kuwa kipimo cha sauti yenye afya.

2. Chumba. Zima feni na kiyoyozi, funga madirisha. Maikrofoni ikae kama sentimita 10 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Rekodi kwa WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hapana: sauti yake imeshabanwa.

3. Irabu. Aseme "aaa" kwa sekunde 5, mara tatu, kwa ukubwa wa sauti anaoongelea kila siku. Hapa ndipo penye kazi. Mwenye haya akitoa kisauti chembamba, jita (kuyumba kwa muda wa mizunguko ya wimbi la sauti) na shima (kuyumba kwa nguvu yake) hupanda, na koo lake ni zima kabisa. Mwambie aongeze sauti kidogo, namba hushuka. Basi weka mita ya desibeli mezani, wote waimbe "aaa" kwa kiwango kinachokaribiana. Usipofanya hivyo unapima haya za watu.

4. Praat. Ni ya bure, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kata mwanzo na mwisho, bakiza sekunde 3 za katikati. Masafa ya kutafuta: hezi 75–300 kwa wanaume, 100–500 kwa wanawake. Kisha menyu ya Pulses, Voice report (ripoti ya sauti).

5. Kusoma. Masafa ya msingi (mara ngapi nyuzi za sauti hutetemeka kwa sekunde) huzunguka hezi 120 kwa wanaume, 210 kwa wanawake. Mipaka ya sauti yenye afya inayotajwa sana, jita asilimia 1.04 na shima 3.81, ilitoka kwenye programu nyingine, MDVP, inayokokotoa kwa njia yake. Msiifanye hukumu.

Maswali

*Mwalimu, nina kijana wa kiume kasoma hezi 240. Anaumwa?*
Itazame namba: ni 120 mara mbili. Huenda programu imehesabu kila mzunguko kama miwili. Vuta wimbi karibu, hesabu mizunguko kwa macho, halafu shusha kikomo cha juu cha masafa ya kutafuta.

*Sina maikrofoni, simu inatosha?*
Kwa masafa ya msingi, inatosha. Shima na uwiano wa sauti na kelele ndivyo vinavyoathirika zaidi. Tafuta programu inayohifadhi WAV, na simu iwe hiyohiyo kwa watu wote.

*Naweza kutoa wastani mmoja, wanaume na wanawake pamoja?*
Hapana, dada. Utapata hezi 165 hivi, sauti isiyo ya yeyote kati ya uliowarekodi.