SOMO: Darubini ya joto ama ya usiku? Soma yote kabla uniulize "ninunue gani"

Naandika hii mara moja nipumzike. Kila wiki meseji ni ile ile, mtu ameona video za Wamarekani wakilenga nguruwe usiku huko Texas, mnyama anang'aa mweupe kwa skrini, na sasa anataka nimwambie anunue gani juu nguruwe mwitu wamemmalizia waru (viazi) huko Njoro ama Elburgon.

Hio ya Texas tuimalize kwanza. Nguruwe wao si mnyama wa asili ya pale. Ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania miaka ya 1500 wakatoroka, baadaye wakachanganyika na nguruwe pori wa Ulaya, na serikali yenyewe inataka waishe. Tangu 2019 huko Texas huhitaji hata leseni ya kuwinda hao nguruwe kwa shamba la mtu, bora mwenye shamba amekubali. Hapa kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza. Nguruwe mwitu ni mnyama wa KWS (shirika la serikali la wanyamapori) hata akiwa amesimama katikati ya waru zako. Kwa hivyo hii somo si ya skopu ya bunduki, ni ya darubini ya jicho moja, ile ya kushika mkononi, ujue ni nani anaingia, anapitia wapi na saa ngapi, ndio ufukuze na uzibe. Ya kufunga kwa bunduki usiniulize.

Hatua ya 1: Jua mnyama. Ngiri hulala shimoni usiku na nyani hulala juu ya miti, kwa hivyo kama mazao yanaliwa mchana huhitaji hii kitu, unahitaji mtu na mbwa. Usiku ni nguruwe mwitu, nungunungu, na watu wa ziwa mko na kiboko.

Hatua ya 2: Tembea kutoka pale utakuwa unakaa mpaka mwisho wa shamba, hesabu mita, andika.

Hatua ya 3: Chagua aina. Ya joto haihitaji mwanga wowote, inasoma joto linalotoka kwa mwili, kwa hivyo mnyama akiwa nje kwa waru fupi unamuona papo hapo hata kama giza ni la kukatwa na panga. Lakini sura huoni, unaona umbo. Ya usiku inahitaji mwanga, hata kidogo, na zile za kidijitali zenye wengi wetu tunaweza kununua huja na taa yake ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Hapo unaona manyoya, masikio, pembe, kamba shingoni, lakini mnyama akitulia nyuma ya majani unampita tu. Wale jamaa wa Texas wenye pesa hutumia ya joto kutafuta na ya usiku kuhakikisha. Wewe ukiwa na pesa ya moja na shamba liko wazi, chukua ya joto. Ukiwa unachunga boma la ng'ombe la mita hamsini na unataka kuona uso wa mwizi, ya joto itakuangusha, chukua ya usiku.

Ukichukua ya usiku, uliza taa ni ya nanomita ngapi. Ya 850 inafika mbali lakini ukiitazama kutoka mbele kuna kidoti chekundu hafifu. Ya 940 haionekani, ila inafika karibu zaidi. Kwa mwizi 940, kwa shamba 850.

Hatua ya 4: Hesabu ya lenzi. Hapa ndipo pesa za watu wengi zimelala, zangu zikiwemo, kwa hivyo soma polepole. Kwa boksi wameandika labda mita 900. Hio ni umbali wa KUGUNDUA, yaani mtu mzima wa mita 1.8 akisimama mahali wazi na hewa ikiwa safi, utaona kidoti chenye joto. Hakuna mahali wamesema utajua kidoti ni mtu. Kujua ni mtu ama ni mnyama ni umbali mfupi sana kuliko huo, na kujua ni mnyama gani ni mfupi zaidi. Sasa fanya hivi: chukua 120 ugawanye kwa milimita za lenzi. Jibu ni sentimita ambazo pikseli moja (kipande kidogo kabisa cha picha) inafunika kwa mita 100. Lenzi ya 10 inakupa sentimita 12. Ya 19 inakupa 6.3, ya 35 inakupa 3.4. Hii ni ya sensa za mikroni 12 (ukubwa wa pikseli moja kwa sensa) ambazo ndizo nyingi siku hizi, ya zamani ya mikroni 17 weka 170 mahali pa 120. Nguruwe mwitu mgongo wake uko kama sentimita 65 kutoka chini, kwa hivyo na lenzi ya 19 kwa mita 100 ana pikseli kumi kwenda juu, hapo ukimuangalia akitembea unasema huyu ni nguruwe. Kwa mita 200 amebaki na tano. Pikseli tano ni nguruwe, ni mbwa wa jirani, ni mtoto wa jirani ameinama anafunga kiatu.

Na usikimbilie lenzi kubwa pia. Sensa ya 256 (pikseli 256 kwenda upana) na lenzi ya 19 inakuonyesha upana wa mita 16 hivi kwa mita 100, weka ya 35 unabaki na kama mita 9, unaangalia shamba kupitia mrija wa soda, mpaka umalize kupitisha macho shamba lote nguruwe ameshiba ameenda. Watu husema sensa kubwa ndio inaona mbali, si kweli, kwa mikroni zile zile sensa kubwa inakupa UPANA, ni lenzi inakupa umbali. Sensa ya 384 na hio lenzi ya 19 inafika mita 24 za upana. Na zumu ya kidijitali msidanganywe nayo, inanenepesha pikseli zile zile.

Onyo, na hapa sitanii: kidoti chenye joto si nguruwe mpaka ujue ni nguruwe. Kuna watu wanaenda choo usiku, kuna mlevi anapitia shamba lako kama njia ya mkato. Usirushe jiwe, usiachilie mbwa, usifanye chochote kwa kidoti.

Hatua ya 5: Hezi, yaani picha ngapi kwa sekunde. Chini ya 25 iachie muuzaji. Za hezi 9 zipo nyingi juu Marekani waliwekea zile za kasi masharti magumu ya kuuzwa nje, ukizungusha mkono picha inakuja nyuma yako.

Hatua ya 6: Angalia namba ya mK, yaani tofauti ndogo kiasi gani ya joto kifaa kinaeza ona, ndogo ndio nzuri. Chini ya 25 ni safi, 40 unaeza vumilia. Kwa baridi yenye unyevu ya huku Mau hii namba ina maana kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 7: Betri ya kutoa. Ya kujengewa ndani ikichoka baada ya miaka, unabaki na kifaa cha kukaa kwa pawabenki.

Hatua ya 8: Jaribu nje, jioni, kabla ulipe. Usijaribu ndani ya duka ukiangalia barabara kupitia dirisha, glasi inazuia hio joto yote na utaona sura yako mwenyewe. Na usielekeze kwa jua hata sekunde moja, sensa inaungua.

Majina: Pulsar ni ya Lithuania, HIKMICRO na InfiRay ni za Uchina, zote kuna nzuri na kuna za kubahatisha. Ukiagiza nje weka VAT ya 16% na ushuru kwa hesabu yako, usije ukalia hapa.

Maswali sasa.

Mkulima Bahati: Boss somo ndefu sana, nitajie tu moja nikanunue kesho.

Shamba ni mita ngapi?

Mkulima Bahati: Ni ekari mbili.

Ekari mbili ikiwa mraba ni kama mita 90 kwa 90. Lenzi ya 15 ama 19, sensa ya 256, hezi 25. Hio ndio Hatua ya 2 umeruka.

Kijana wa Kericho: Kwani hio hesabu umetoa wapi, muuzaji ameniambia yake inatambua mnyama kilomita moja na iko na lenzi ya 10.

Gawanya mwenyewe. Kwa kilomita moja pikseli moja ya hio lenzi ni sentimita 120. Nguruwe mzima hajazi hata pikseli moja. Mwambie muuzaji akuonyeshe.

Kijana wa Kericho: Sawa lakini na skopu je, binamu yangu ana leseni ya bunduki.

Nimeandika pale juu. Leseni ya bunduki si leseni ya kuua mnyama wa KWS. Sirudii.

Nyar Ahero: Kaka asante kwa somo. Sisi tuko na mpunga na shida yetu ni kiboko anatoka mto Nyando usiku. Akiwa bado ndani ya maji hio ya joto itamuona?

Dada hilo ni swali la maana. Ndani ya maji hapana, maji yanazuia hio joto kabisa, utaona tu kile kimetoka juu, pua na masikio na kichwa. Akitoka nchi kavu ngozi imelowa na imepoa kwa hivyo dakika za kwanza hang'ai vile ungetarajia mnyama mkubwa hivyo, lakini ukubwa wenyewe unakusaidia, kwa mita 200 na lenzi ya 19 bado ana pikseli za kutosha kwenda juu na urefu ndio kabisa. Mimi kwa kiboko ningechukua lenzi ya 25 ama 35 juu unataka kumjua ukiwa mbali, si karibu. Na kitu kimoja, tumieni hio darubini kujua njia yake ya kurudi, halafu msikae kwa hio njia. Kiboko akishtuka anakimbilia maji na kile kiko katikati kinakanyagwa. Mkishajua njia, waya mmoja wa umeme wa chini ama mtaro unasaidia kuliko tochi na kelele, huyo mnyama harukangi. Na pigeni ripoti KWS kila mara, iandikwe.

Nyar Ahero: Asante sana, hio ya njia ya kurudi hatukuwa tumefikiria.

Mwalimu wa Molo: Maswali mawili mkuu. Ukungu wa huku je? Na kwa nini nikimulika tochi naona macho ya paka na ya swara lakini ya nguruwe sijawahi ona?

Mwalimu karibu. Ukungu mzito unapunguza ya joto sana, matone ya maji yanakunywa ile joto njiani, hata zile namba zangu za Hatua ya 4 zinashuka. Lakini ya usiku yenye taa inaumia vibaya zaidi, taa inagonga ukungu inakurudia na unaona ukuta mweupe. Kwa Molo ya joto bado inashinda, subiri tu ukungu ufunguke kidogo. Ya macho ni hivi: paka na swara wana kama kioo nyuma ya jicho kinachorudisha mwanga, nguruwe hana. Ndio maana soja anaeza zunguka na tochi usiku wote aseme shamba liko sawa na asubuhi waru zimefukuliwa. Ingine, jioni mapema mawe na vichuguu bado vimeshika joto ya mchana vinang'aa kama wanyama, na kuna dakika pale jioni na alfajiri ardhi na mnyama zinakaribiana joto, usikate tamaa hapo, saa nne usiku picha ni tofauti kabisa.

Mwalimu wa Molo: Kwa hivyo mabati nayo?

Mabati huakisi anga, yanaonekana baridi hata kama si baridi. Usiyatumie kupima kama kifaa chako kiko sawa.

Shem Kisumu: Kuna app nimepata inageuza simu iwe ya joto, ni bure.

Hio inapaka rangi tu. Simu ya kawaida haina sensa ya joto. Zipo simu chache zilitengenezwa nayo, CAT S60 ya 2016 ilikuwa na sensa ya FLIR (kampuni ya Marekani ya kamera za joto) ndani, lakini hio ni ya kuangalia waya zinachemka kwa ukuta, si nguruwe mita mia.

Fundi wa Section 58: Naunga mkono hapo, mimi natumia ya kuchomeka kwa simu kwa kazi ya stima, fyuzi imelegea unaiona inang'aa kabla iungue. Na ng'ombe wa mamangu tuliona kiwele upande mmoja una joto kuliko mwingine tukaita daktari.

Hio ya kiwele ni tip safi fundi. Kuna mtu pia aliniambia anatafutia nayo kondoo waliopotea kwa msitu jioni.

Kijana wa Kericho: Hizo za joto shirika la uhifadhi WWF walipea maranja wa Maasai Mara ni aina gani?

FLIR, tangu 2016, na kazi ilikuwa kushika majangili. Ya kwao inafungwa kwa gari, bei yake si ya mimi na wewe.

Mkulima Bahati: Na droni yenye ya joto? Si itaona shamba lote mara moja.

Itaona. Lakini droni inasajiliwa kwa KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), kuna kanuni za 2020, na kuirusha usiku si kitu unajiamulia tu. Kwa ekari mbili Bahati, hapana. Weka kiti kwa kona ya juu ya shamba.

Mama Subukia: Mimi ni nungunungu anamaliza viazi vitamu, nimesoma yote na naona sihitaji darubini, ama?

Huhitaji mama. Nungunungu anaacha miiba njiani, fuata hio utapata pengo la kuingilia. Zika wavu wa waya chini sentimita 40 hivi upande huo, juu anachimba, na hio pesa nunua mbegu.

Mama Subukia: Wavu wa kuku utashika?

Wa kuku anaukata na meno. Chukua ule mgumu wa kuchomelewa, wa matundu ya inchi mbili, na upinde mwisho wake wa chini uelekee nje.