Kufundisha matabibu kwa ushahidi wa mtandaoni: somo la zinki kwa mtoto anayeharisha

Somo la aina hii huanzia kwa mgonjwa, simu ya kutafutia ushahidi inafuata baadaye. Chagua mtoto ambaye wanafunzi walimwona jana: ana miezi 9, anaharisha siku ya pili, hana dalili za kupungukiwa maji. Ameandikiwa ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa) na zinki miligramu 20 kwa siku, na mama analalamika kwamba kidonge kinamtapisha. Je, zinki inamsaidia kweli? Swali kama hilo linafundishika. Ukiwaambia tu "someni kuhusu kuharisha", dakika kumi hazitaisha kabla hawajapotea.

Liandike swali ubaoni kwa vipande vinne: mgonjwa ni nani, anapewa nini, tunalinganisha na nini, tunatazama matokeo gani. Hapa ni mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anayeharisha, zinki, bila zinki, kuharisha kunakwisha lini na anatapika kiasi gani. Kipande cha mwisho hukatwa nusu mara nyingi: wanafunzi huandika faida, madhara wakayasahau. Warudishe hapo kabla hawajagusa simu.

Anzeni na Cochrane Library, maktaba ya mtandaoni ya uchambuzi wa tafiti za tiba, kwa sababu huko tafiti nyingi zimeshakusanywa na kupimwa pamoja. Mkikosa, nendeni PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya kutafutia makala za kitabibu. Tumieni maneno matatu ya Kiingereza, zinc diarrhea children, kisha chujeni kwa Systematic Review, yaani makala zinazokusanya na kupima tafiti nyingi pamoja. Anayeandika sentensi nzima, au anayetafuta kwa Kiswahili, hapati kitu cha maana, naye hudhani hakuna utafiti. Makala zinazodai malipo hufunguka mara nyingi kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungulia majarida ya tiba taasisi za nchi zenye kipato kidogo, lakini anayesajiliwa ni chuo au hospitali, si mtu binafsi. Nywila iulizwe kwa mkutubi. Na usitegemee mtandao wa siku ya somo. Pakua makala jioni ya kuamkia somo, chapisha ukurasa wa muhtasari na jedwali la matokeo, nakala moja kwa kila watu watatu.

Sasa kusoma, na hapa ndipo muda utumike. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2016 kuhusu zinki ulikusanya majaribio 33 yenye watoto 10,841. Mwambie mwanafunzi mmoja asome matokeo kwa sauti, mwingine ayageuze kuwa maneno ya kawaida. Kwa watoto waliozidi miezi 6, zinki huenda inafupisha kuharisha kwa takribani nusu siku, na waandishi wenyewe wanasema uhakika wa ushahidi huo ni mdogo. Kwa wenye utapiamlo, inafupisha kwa takribani siku nzima. Kwa walio chini ya miezi 6 faida haikuonekana. Kutapika kuliongezeka katika makundi yote mawili ya umri. Hapo uliza: majaribio mengi yalifanyika Asia, katika maeneo yenye upungufu wa zinki; watoto wetu wanafanana nao? Waache wabishane. Ubishi huo ndio somo lenyewe.

Kisha wape jaribio moja lililofanyika nyumbani. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto 4,500 wa Tanzania na India wenye umri wa miezi 6 hadi 59, uliolinganisha zinki miligramu 20, 10 na 5 kila siku, kwa siku 14. Dozi ndogo hazikuwa duni katika kutibu. Waliotapika ndani ya nusu saa baada ya dozi walikuwa asilimia 19.3 kwa miligramu 20, na asilimia 13.7 kwa miligramu 5. Wafanye hesabu kwa kalamu: 19.3 ukitoa 13.7 ni 5.6, 100 ukigawa kwa 5.6 ni karibu 18. Yaani katika kila watoto 18 wanaopewa dozi kubwa badala ya ndogo, mmoja zaidi atatapika. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mara moja hatishwi tena na tangazo la dawa linalosema "inapunguza kwa asilimia 30" bila kusema asilimia 30 ya nini.

Kosa la hatari hujitokeza papo hapo: mmoja atataka kubadilisha dozi kesho asubuhi. Mzuie. Fungueni mwongozo wa taifa wa matibabu, tazameni mwaka kwenye jalada (nakala zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi zimepitwa na wakati), na fuateni dozi iliyoandikwa humo hadi Wizara ya Afya itakapoibadilisha. Walichojifunza kinawapa namna bora ya kuzungumza na mzazi.

Kwa hiyo dakika tano za mwisho ni za mama. Mwanafunzi mmoja awe mama, mwingine tabibu. Akianza na "utafiti unaonyesha", msimamishe, aanze upya: "Mama, ORS ndiyo inayomrudishia maji, usiiache. Zinki inaweza kupunguza muda wa kuharisha, ila watoto wengine huitapika. Kivuruge kidonge kwenye kijiko cha maji safi au maziwa yako, umpe taratibu. Akianza kulegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, mlete siku hiyo hiyo."