Namna ya Kuandaa na Kuchapa Ratiba ya Futiboli ya Kimarekani kwa Saa za Kwetu

Mpenzi wa futiboli ya Kimarekani anayeishi Mtwara, Mikindani au Lindi ana shida ambayo mwenzake wa Dallas au Chicago haijui. Ratiba nyingi za NFL, yaani ligi kuu ya mchezo huo, zinazopatikana mtandaoni zikiwa tayari kwa kuchapwa zimeandikwa kwa saa za Marekani, kwa tarehe za Marekani na kwa kipimo cha karatasi cha Marekani. Ukiichapa ratiba ya namna hiyo kama ilivyo na kuibandika ukutani, itakukosesha mechi hata kama hakuna neno lililokosewa ndani yake. Kwa hiyo nashauri kila mtu atengeneze ya kwake, na nitaeleza hapa jinsi ninavyoifanya kazi hiyo kila mwaka baada ya ligi kutangaza ratiba, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi Mei.

Nilianza kuijali kazi hii baada ya kumkosesha mdogo wangu mechi aliyoisubiri kwa wiki tatu. Katika karatasi yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika "Jumatatu, saa 9:20 usiku", nikikusudia usiku ule unaopambazuka Jumatatu. Yeye alikuja nyumbani Ligula siku ya Jumatatu baada ya sala ya Isha, amebeba chupa ya kahawa na mihogo ya kukaanga, akijiandaa kukesha. Mechi ilikuwa imekwisha tangu alfajiri ya siku hiyo. Sote wawili tulikuwa tumeisoma karatasi moja, na kila mmoja aliielewa kwa namna ambayo Kiswahili kinaikubali. Wazee wa pwani wakisema "usiku wa Jumatatu" humaanisha usiku unaotangulia mchana wa Jumatatu, kwa kuwa siku kwao huanza jua linapozama, ilhali vijana wengi na watu wa maofisini humaanisha usiku unaofuata mchana huo. Dawa yake ni neno moja tulilo nalo tangu zamani, nalo ni "kuamkia". Ukiandika "usiku wa kuamkia Jumatatu", hakuna atakayekuelewa vingine.

Kabla ya kuchora jedwali, fahamu ukubwa wa jambo lenyewe. Ligi ina timu 32, na tangu msimu wa 2021 kila timu hucheza mechi 17 ndani ya wiki 18, ikiwa na wiki moja ya mapumziko. Jumla ni mechi 272 kabla ya mtoano, ambao nao huingiza timu 14. Sikushauri hata kidogo uchape mechi zote 272 katika karatasi moja, kwa maana herufi zitakuwa ndogo kama chawa na hakuna atakayezisoma usiku kwa mwanga wa simu. Chapa karatasi ya timu yako, ambayo itakuwa na mistari 18 tu, ukihesabu na wiki ya mapumziko. Ikiwa mnatazama kundi na kila mtu ana timu yake, chapeni karatasi ya wiki, moja kwa kila wiki, kwani wiki haina zaidi ya mechi 16.

Sasa tuje kwenye saa, ambako ndiko watu wengi wanakosea. Ratiba nyingi za Marekani hutumia saa za Mashariki ya nchi hiyo, zinazotambulishwa kwa herufi ET. Tangu msimu unapoanza Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, sisi tuko mbele ya saa hizo kwa saa 7. Wengi huanza kujumlisha saba, kisha wanatoa sita ili kupata saa ya Kiswahili, na katikati ya hesabu hizo mbili wanapotea. Lakini saba ukitoa sita hubaki moja. Maana yake ni kwamba msomaji wa saa ya Kiswahili anahitaji kuongeza 1 tu juu ya saa aliyoiona kwenye ratiba ya Marekani. Mechi yao ya saa 1:00 mchana wa Jumapili kwetu ni saa 2:00 usiku. Ile ya 4:25 alasiri ni saa 5:25 usiku, na ile ya 8:20 usiku ni saa 9:20 usiku wa manane. Hata mechi za Ulaya zinazoandikwa 9:30 asubuhi, kama zile tatu zilizochezwa London mwezi Oktoba 2025, huwa kwetu saa 10:30 jioni. Jibu likizidi kumi na mbili, ondoa kumi na mbili.

Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Sisi hatubadilishi chochote, hivyo tofauti inakuwa saa 8, na kuanzia hapo unaongeza 2 badala ya 1. Mechi ya 1:00 sasa ni saa 3:00 usiku, na ya 8:20 ni saa 10:20 alfajiri. Piga mstari mzito kwenye karatasi yako mahali hapo, na uupige ndani ya wiki yenyewe, kwa sababu wiki ya ligi huanza Alhamisi na kumalizika Jumatatu, na mabadiliko huikata katikati. Tazama wiki ya 9 ya msimu wa 2025, ambayo ni mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Baltimore Ravens walicheza ugenini kwa Miami Dolphins Alhamisi tarehe 30 Oktoba saa 8:15 za kwao, na kwetu ilikuwa saa 9:15 usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 31. Jumatatu ya tarehe 3 Novemba, Arizona Cardinals walicheza kwa Dallas Cowboys saa ileile ya 8:15, lakini kwetu ilikuwa saa 10:15 alfajiri ya kuamkia Jumanne tarehe 4. Saa ya kwao ni moja, wiki ni moja, na sisi tumetofautiana kwa saa nzima.

Kuna jambo la tatu ndani ya wiki hiyohiyo. Jumapili tarehe 2 Novemba, Kansas City Chiefs walikuwa wageni wa Buffalo Bills saa 4:25 alasiri. Kama mechi hiyo ingechezwa Jumapili iliyotangulia, kwetu ingeanza saa 5:25 usiku ikiwa bado Jumapili hata kwa kalenda ya ofisini. Kwa kuwa saa zilikuwa zimebadilika, ilianza saa 6:25 usiku, na simu yako ilikuwa imekwisha kuandika Jumatatu tarehe 3. Zamu hii ya alasiri ndiyo inayohamia tarehe nyingine katikati ya msimu, kwa hiyo iangalie kwa makini kuliko nyingine zote. Mechi za usiku za Alhamisi, Jumapili na Jumatatu hazina utata: msimu mzima huangukia kwetu usiku wa kuamkia Ijumaa, Jumatatu na Jumanne.

Jedwali lenyewe lichore kwenye programu ya kawaida ya majedwali, au hata kwa rula na kalamu kama huna kompyuta. Mimi hutumia safu saba, nazo ni wiki, siku na tarehe ya kwao, saa ya kwao, usiku wetu wa kuamkia, saa yetu, mgeni na mwenyeji, na matokeo. Wengine huziacha siku na saa za kwao ili kupunguza maneno, nami siwaungi mkono, kwa kuwa ukikosea hesabu utahitaji kurudi kwenye asili. Mstari wa kwanza wa msimu wa 2025 ulisomeka hivi:

Wiki ya 1 | Alhamisi 4 Septemba | 8:20 usiku | kuamkia Ijumaa 5 Septemba | saa 9:20 usiku | Dallas Cowboys kwa Philadelphia Eagles | ______

Unaponakili, jihadhari na tarehe. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 11/2 kwao ni tarehe 2 Novemba, wakati mtu wa hapa ataisoma tarehe 11 Februari, mechi za kawaida za msimu zikiwa zimekwisha. Andika jina la mwezi kwa herufi kila mahali. Pia kwao timu inayotajwa kwanza ni mgeni, kinyume cha ratiba za soka tulizozizoea, ambazo humtanguliza mwenyeji. Alama ya @ mbele ya jina la timu maana yake ni kwamba mechi inachezwa nyumbani kwa timu hiyo. Neno BYE ni wiki ya mapumziko, nayo usiiache bila mstari, kwani mtu asiyeiona wiki ya 8 kwenye karatasi atadhani umeisahau. Kama umechukua ratiba kwenye tovuti ya timu ya magharibi, hakikisha saa zilizoandikwa si za PT, yaani saa za magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma ya zile za Mashariki kwa saa 3.

Si kila kitu kinafaa kuchapwa kwa wino. Ligi ina mamlaka ya kuhamisha baadhi ya mechi msimu ukiwa unaendelea, ili mechi kali ionekane Jumapili usiku, na kadiri msimu unavyosonga ndivyo uhamisho unavyowezekana zaidi. Wiki ya 18 ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu siku na saa za mechi zake hupangwa baada ya matokeo ya wiki ya 17 kujulikana. Kwa hiyo kuanzia Novemba mimi huchapa majina ya timu na kuacha nafasi ya saa yetu wazi, niijaze kwa penseli Jumatano au Alhamisi. Mtoano pia uache mtupu kabisa, ukiandika majina ya raundi nne tu.

Ukienda steshenari, beba faili likiwa katika mfumo wa PDF ili mistari isihame, na umwombe mhudumu alitoshelezee kwenye karatasi ya A4. Ombi hili lina sababu. Faili za Marekani hupangwa kwa karatasi yao ya milimita 216 kwa 279, na A4 yetu ni 210 kwa 297, yaani ni nyembamba kwa milimita sita ingawa ni ndefu zaidi. Niliwahi kuchapiwa karatasi ishirini za rafiki zangu bila mtu kulitazama jambo hilo, na safu ya mwisho ya kulia, ambayo wakati huo ilikuwa na saa zetu, ikatoka nusu. Chapa moja kwanza, isome mstari kwa mstari, ndipo utoe nyingine. Laza ukurasa, kwa sababu safu saba hazienei vizuri kwenye karatasi iliyosimama. Rangi si lazima, na kivuli chepesi cha kijivu kwenye mistari ya mechi za nyumbani kinatosha.

Hapa kwetu lazima pia ufikirie unyevu. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, ndio wakati ambao ligi inafikia utamu wake, na nyumba zilizo karibu na bahari kama zile za Shangani hazikauki vizuri hata siku isiyo na mvua. Wino wa printa ya maji huchuja karatasi inapopata unyevu, ilhali wino wa unga wa mashine ya fotokopi hustahimili. Ukiweza kuchagua, chagua huo wa pili. Watu wengi hukimbilia laminesheni, lakini karatasi iliyolaminishwa haikubali penseli, nayo ndiyo tunayoitegemea. Mfuko wa plastiki wa kuwekea nyaraka unafaa zaidi, kwa kuwa unachomoa karatasi, unaandika, unairudisha. Itundike kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kwa uzi, kwani misumari na pini hupata kutu upesi na kuacha doa.

Baada ya karatasi ya timu, tengeneza kalenda ya miezi sita, Septemba hadi Februari, karatasi moja kwa kila mwezi. Hii ni kwa ajili ya nyumba nzima, ili kila mtu aone ni usiku upi sebule itakuwa na watu. Andika ndani yake mambo mengine yanayogombania muda huo. Mwanzoni mwa msimu, mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa 12:30 jioni ya Jumapili humalizika karibu na saa 2:30 usiku, na mechi za kwanza za NFL zinakuwa zimeanza nusu saa nyuma, jambo ambalo mwenye kibanda umiza na televisheni moja anapaswa kulijua mapema. Weka pia siku za minada ya korosho mnapozipata, maana mkulima anayesafiri alfajiri hawezi kukesha na mechi ya saa 9. Alhamisi ya nne ya Novemba ipe nafasi pana, kwani ni sikukuu yao ya Shukrani, na Detroit Lions na Dallas Cowboys hucheza nyumbani kila mwaka siku hiyo.

Mwezi wa Februari 2027 unahitaji uangalifu wa pekee. Super Bowl, yaani fainali ya ligi, imepangwa Jumapili tarehe 14, na kwa saa yake ya kawaida ya 6:30 jioni itaanza kwetu saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15. Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Mapumziko ya katikati ya mchezo yataangukia karibu na saa 10 alfajiri, wakati wa daku. Katika kisanduku cha tarehe 15 nimeandika mistari miwili, saa ya mechi juu na saa ya daku chini, na nimeacha nafasi ya kuandika nani ataleta uji.