Kabla ya Kuchagua Nchi ya Majuu, Mwaga Bahasha Mezani

Mtu akiingia saiba yangu hapa Umoja Innercore, Nairobi, akasema anataka kwenda majuu kufanya kazi, siendi kwenye kompyuta kwanza. Namwambia amwage bahasha yake mezani: KCSE, diploma au digrii, leseni ya kazi, barua za waajiri, kitambulisho. Wengi hushangaa, maana wamekuja na nchi tayari. Huyu ana binamu Texas, yule ameona video za Toronto, mwingine kaambiwa kanisani kwamba Uingereza inachukua kila mtu. Mimi huwaambia nchi tutaifikia. Kinachoamua ni karatasi zilizo kwenye bahasha, mwaka uliozaliwa, na watu ambao hutaki kuwaacha nyuma.

Nchi zenyewe nazigawa mafungu mawili. Canada na Australia zinakuhesabia pointi: umri, elimu, Kiingereza, miaka ya kazi. Unaweza kuomba ukiwa hapa hapa Umoja bila mwajiri yeyote kukujua. Uingereza na Ireland ni za mwajiri: usipompata anayeruhusiwa kuajiri wageni, huna pa kuanzia. New Zealand nayo inaegemea kwa mwajiri, ila kazi zilizo kwenye orodha yake iitwayo Green List zina njia fupi ya kupata ukaaji wa kudumu. Marekani ina mambo yake.

Umri ndio unaowashtua watu. Katika mfumo wa Canada, Express Entry, aliye kati ya miaka 20 na 29 hupata pointi zote za umri. Kuanzia 30 zinapungua kila siku yako ya kuzaliwa, na ukifika 45 unapata sufuri. Australia ukitimiza 45 viza za pointi zimekupita. Mwenye 25 hadi 32 anapewa pointi 30, mwenye 40 hadi 44 anapewa 15. Kiwango cha chini huko ni pointi 65, lakini hizo ni za kukuruhusu kupanga foleni tu. Wanaoalikwa kuomba viza huwa na zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa miaka 43 anayeota Canada, namwonyesha kikokotoo cha bure kwenye tovuti ya serikali ya Canada, ajionee mwenyewe. Uingereza na Ireland hazikati pointi kwa umri. Huko utafutaji wake unahama kutoka kwenye fomu kwenda kwenye matangazo ya kazi.

Ila kwa Canada kuna mlango wa pembeni ambao Wakenya wachache wanaugusa: Kifaransa. Tangu 2023 Canada imekuwa ikiita kwa awamu maalum watu wanaojua Kifaransa, na pointi zinazotakiwa katika awamu hizo huwa chini sana kuliko za kawaida. Ukifikia kiwango cha 7 cha kipimo cha Canada katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, huku Kiingereza chako kikiwa sawa, unaongezewa pointi 50 pia. Ajabu, maana wengi huidhani nchi ya Kiingereza tu! Alliance Française iko pale Monrovia na Loita zinapokutana. Kijana wa miaka 27 asiye na haraka namwelekeza huko kabla sijamchapishia fomu yoyote. Lakini asidanganywe na mtu kwamba ni kazi ya miezi mitatu.

Manesi nao wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Mtihani wa NCLEX, ule wa Marekani wa maswali 85 hadi 150, unatumika pia Canada, na Australia huutumia kama hatua ya kwanza kwa manesi wa nje wanaotakiwa kufanya mitihani, kisha wanafanya wa vitendo kule Adelaide. Mtihani mmoja, nchi tatu. Nesi akiniambia, "Anti, bado sijaamua," namwambia asiamue, afanye NCLEX kwanza. Uingereza ina mtihani wake wa kompyuta, halafu wa vitendo unafanyiwa kule kule. Tena Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021, na waajiri wa huko wanatakiwa kuajiri manesi wetu kwa kufuata mkataba huo. Ajenti akikuambia ana nafasi za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, muulize anaingiaje kwenye mpango wa serikali. Wengi hapo huanza kutafuta simu mfukoni.

Marekani kwa nesi ni njia ndefu lakini imara. Viza ya EB-3 inakupa green card, yaani ukaaji wa kudumu, na mume au mke pamoja na watoto wenye chini ya miaka 21 wanaipata pamoja nawe. Tatizo ni kungoja: kila mwezi serikali yao hutoa jedwali liitwalo Visa Bulletin linaloonyesha foleni imefika tarehe gani, na kuna miezi haisogei. Asiye nesi namwambia aanze kwingine. Viza ya kazi ya H-1B, wanayoililia vijana wa kompyuta, ni 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, ina bahati nasibu, na Septemba 2025 Rais Trump aliwawekea waajiri ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Mwajiri gani atakulipia hiyo?

Sasa nije kwa jambo linalonichosha. Kazi ya kulea wazee Uingereza. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya wa kazi hiyo hawakuruhusiwa kwenda na mume, mke wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ulifungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Umefungwa. Baada ya hapo bado nililetewa risiti niitoe kopi: dada amelipa "amana ya nafasi" kwenye ofisi fulani ya ghorofani katikati ya mji, muhuri upo, saini ipo. Nilimfungulia ukurasa wa gov.uk, tovuti ya serikali ya Uingereza, akasoma mwenyewe. Alinyamaza, kisha akauliza, "Anti, sasa Ireland je?" Nikamwambia kabla ya Ireland tudai hizo pesa.

Kwa hiyo jifunze ukaguzi huu, haulipiwi. Mwajiri wa Uingereza anayeruhusiwa kuleta wageni yumo kwenye orodha ya serikali yao iliyo wazi mtandaoni, tafuta jina. Wakala wa hapa Kenya anatakiwa kuwa na usajili wa National Employment Authority. Tafuta jina huko pia. Canada, mwajiri anayelipia kibali cha kuajiri mgeni kiitwacho LMIA amekatazwa kukutoza ada hiyo. Ukiambiwa uchange, ondoka.

Fundi ana kazi tofauti. Fundi wa stima wa Industrial Area, mwenye cheti cha ufundi cha NITA na mikono inayojua kazi, Australia inamtaka. Lakini tathmini ya ufundi huko inataka ushahidi: nani alikuajiri, kazi gani, tangu lini mpaka lini, alikulipa kiasi gani. Mtu aliyelipwa mkononi kila Jumamosi atathibitisha vipi? Ndiyo maana huwaambia mafundi waanze leo kukusanya: taarifa ya NSSF, fomu ya kodi ya P9, meseji za M-Pesa za mishahara, barua yenye nembo ya kampuni na namba inayoshika. Hata kama safari ni ya baada ya miaka miwili. Na ajue kwamba akifika, jimbo atakaloishi litataka leseni yake tena kabla hajagusa nyaya peke yake.

Ukienda na familia, Ireland inastahili kuangaliwa vizuri kuliko inavyoangaliwa. Mwenye kibali cha kazi kiitwacho Critical Skills, na manesi wamo, mume au mke wake anaruhusiwa kufanya kazi bila kibali chake mwenyewe. Uingereza, asiye mhudumu wa afya analipa ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, kwa kila mtu mzima, na zote zinalipwa kabla ya kusafiri. Mume na mke, miaka mitatu: pauni 6,210, na hujalipa viza. Canada kwa njia ya pointi, kama huna mwajiri, inataka ionyeshwe akiba: zaidi ya dola 15,000 za kwao kwa mtu mmoja, familia zaidi. Na iwe yako. Mkopo wa sacco ulioingia juzi haukubaliki, na benki itaandika historia ya akaunti.

Halafu kuna swali ambalo vijana hawapendi nikiwauliza: mzee akifariki utafikaje? Kenya Airways inaruka moja kwa moja mpaka London na New York. Kutoka Perth au Sydney utaunganisha ndege Dubai, Doha au Johannesburg, na tiketi ya ghafla ina bei yake. Binafsi, kwa mtoto wa pekee mwenye mama kijijini, ningeipa London uzito hata kama Australia inalipa vizuri. Wengine wananiona mzee wa mambo ya zamani. Sawa tu.

Mtihani wa Kiingereza mara nyingi utaufanya, hata kama umefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Angalia aina kabla ya kulipa pale British Council: Express Entry inataka IELTS ya General Training, mabaraza ya manesi yanataka Academic. Ukikosea, unalipa tena. Matokeo yanaishi miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuyafanya wakati bahasha bado ina mapengo.

Pengo kubwa kuliko yote huwa ni majina. Kitambulisho kinasema Mary Wanjiku Kamau, KCSE inasema Wanjiku Mary K., cheti cha kuzaliwa kina Wanjiku peke yake. Panga majina yote yafanane na pasipoti kabla ya kutuma chochote. Kama ni hati ya kiapo, nenda kwa wakili. Cheti cha maadili mema kiache mpaka mwishoni, kwa sababu ofisi za viza zinakitaka kikiwa kipya: unalipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, unachapisha fomu, unapeleka alama za vidole. Huduma Centre ya Makadara iko karibu kwa watu wa Eastlands. Fika mapema.