Namna ninavyojaza daftari la Super Mario Bros. hapa Mabatini

Lile tofali la stegi ya kwanza, ambalo ukiligonga kwa kichwa linatema sarafu moja baada ya nyingine, linatoa sarafu ngapi? Kwenye kibanda cha gemu tulichokulia hapa Mabatini jibu lilikuwa kumi, na aliyebisha alinyang'anywa padi. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioapa kuwa ni kumi. Mwaka juzi nilikaa mbele ya tivi ya chogo na kaunta buku ya kwaya tatu mapajani, nikaligonga tofali hilohilo jioni nzima huku binti wa dada yangu akiandika: saba, tisa, kumi, tisa tena, tano nilipofanya makusudi kujivuta. Tofali lile halihesabu sarafu, linahesabu muda. Pigo la kwanza linaanzisha saa iliyofichwa, na saa hiyo ikishakwisha, pigo linalofuata ndilo la mwisho. Mwenye kidole chepesi anavuna nyingi, mzito anaambulia chache. Miaka yote tuligombana bure, na wote tulikuwa tumeona kweli.

Tangu jioni ile sijaacha kujaza daftari. Nakueleza ninavyofanya ili nawe ujaze la kwako, kwa gemu hii au nyingine yoyote ya kukimbia na kuruka, maana vibanda vimefungwa na waliokuwa wanajua siri za kila stegi sasa wana bodaboda, maduka na watoto.

Chukua gemu moja tu, na kaseti moja tu. Super Mario Bros. ya Nintendo ilitoka Japani Septemba 1985, ina dunia 8 zenye stegi 4 kila moja, jumla 32. Huo ni mzigo mtu mmoja anaweza kuubeba. Lakini kaseti nyingi tulizocheza Mwanza hazikutoka Nintendo. Zilikuwa zile za gemu lukuki ndani ya kaseti moja, orodha ndefu mpaka unachoka kushuka nayo, kumbe ndani ni gemu chache zilizorudiwa kwa majina tofauti: hii inaanzia dunia ya mbele, ile inakupa roho za ziada. Ukichanganya hizo kwenye daftari moja, utaandika uongo bila kukusudia. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza kabisa ueleze kifaa: kaseti ya rangi gani, ulichagua namba ngapi kwenye orodha, mashine ipi, tivi ipi. Yangu ni kaseti ya njano niliyoinunua Makoroboi, chaguo namba 3. Niliikubali kwa sababu inaanza pale inapopaswa: dunia ya 1 stegi ya 1, roho tatu, saa ikisoma 400. Na usiipulize kwa mdomo kama tulivyozoea, mate yanaozesha zile shaba. Pamba na spiriti kidogo vinatosha.

Ramani ichorwe kwenye daftari la hesabu la vijisanduku. Kila tofali la gemu hii ni mraba wa pikseli 16 kwa 16, na kioo kina upana wa pikseli 256, kwa hiyo vijisanduku 16 ni kioo kimoja kamili. Kijisanduku kimoja, tofali moja. Hesabu kutoka pale Mario anaposimama mwanzo na usonge kulia. Weka simu kwenye kigoda irekodi video, kwa sababu kioo cha gemu hii hakirudi nyuma: ukishapita bomba, umelipita. Mahali pa siri usipaeleze kwa "pale katikati". Andika hivi, kama nilivyoandika mimi (1-1 ni dunia ya 1 stegi ya 1):

"1-1. Bomba la nne: inama juu yake, unashuka chumba cha chini, sarafu 19, unatokea karibu na mwisho wa stegi. Mbele ya bomba hilo, kabla ya shimo la kwanza: sanduku lisiloonekana, ruka chini yake, uyoga wa roho. Nimejaribu mara 5, kaseti ya njano."

Kuchora kwa mkono kunakuonyesha mambo ambayo macho ya kucheza hayayaoni. Binti wa dada yangu ndiye aliyekuwa anapaka rangi ramani ya 1-1. Akanyamaza, akaweka karatasi nyembamba juu ya wingu, akalifuata kwa penseli, akaihamishia chini kwenye kichaka. "Mjomba, hiki kichaka ni lile wingu." Ni kweli. Umbo ni moja, juu wamelipaka nyeupe, chini kijani. Gemu nzima ni kama kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja ya simu yako, na waliokuwa wanaitengeneza, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka na wenzao, walilazimika kutumia kitu kimoja mara mbili. Nililitazama lile wingu tangu nikiwa darasa la tatu. Mtoto wa miaka kumi na moja akaliona siku ya kwanza kwa sababu alikuwa ameshika penseli.

Saa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilikuwa nimeshaandika kwamba stegi ya kwanza ina sekunde 400. Kisha nikaona ni heri nipime. Nikamwacha Mario asimame pale mwanzo, maana usiposogea hakuna adui anayekufikia, nikawasha saa ya simu. Namba 400 ziliisha kwa dakika 3 na sekunde kama 12. Hizo ni sekunde 192, si 400. Nikaandika kwa wino, nikaridhika. Jamaa yangu wa Nyakato anayecheza kwenye kompyuta, kwa programu inayoigiza mashine ya Marekani, akapima ya kwake: dakika 2 na sekunde 40. Tulibishana kwa simu hadi vocha ikaisha, kila mtu akimwambia mwenzake arudie kupima.

Wote tulikuwa sahihi. Gemu inapunguza namba moja kila baada ya picha 24. Mashine ya Japani au Marekani huchora picha kama 60 kwa sekunde, kwa hiyo namba moja ni sekunde 0.4. Mashine zilizoletwa huku zilitengenezwa kwa tivi za huku, za picha 50 kwa sekunde, na picha 24 hapo ni sekunde 0.48. Ikizidishwa mara 400, tofauti ni nusu dakika na zaidi. Na si saa peke yake: Mario anakimbia taratibu zaidi, kobe wanatembea taratibu zaidi, hata muziki wa Koji Kondo ule ambao bado naupiga mluzi nikipanda mlima wa kwenda nyumbani, sisi tuliusikia polepole kuliko alivyoutunga. Niliposikia ule wa kasi yake halisi nilikaa kimya muda mrefu. Sikuupenda. Wa kwetu ndio ulio moyoni mwangu, na daftari langu linaueleza wa kwetu, likitaja wazi kuwa ni wa picha 50. Kwa hiyo usiandike sekunde. Andika "saa inaanza 400" au, kwa ngome ya 1-4, "saa inaanza 300", na upimaji wako uuweke kando pamoja na aina ya mashine.

Fataki nazo zilikuwa na imani zake. Kibandani tuliamini zinalipuka ukishika ncha ya mlingoti wa bendera ulio mwisho wa stegi. Kuimaliza imani kama hiyo unahitaji safu mbili tu: umeshika wapi, saa ilisoma ngapi ulipogusa. Rudia mara thelathini, kisha tazama video taratibu, kwa sababu baada ya kugusa saa inaanza kubadilishwa kuwa pointi, 50 kwa kila namba iliyobaki, na hutaiwahi kwa macho. Safu ya mlingoti haikuonyesha mpangilio wowote. Safu ya saa ilionyesha mara moja: tarakimu ya mwisho ikiwa 1 inalipuka fataki moja, ikiwa 3 tatu, ikiwa 6 sita, nyingine zote hakuna. Kila fataki pointi 500. Ncha ya mlingoti ina malipo yake mengine, pointi 5000.

Sasa majina, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Kila kiumbe kipe mistari mitatu: jina la Kijapani, jina la Kimarekani, na jina la kibandani kwenu. Kuribo ni Goomba, yule mfano wa uyoga anayetembea. Nokonoko ni Koopa Troopa, kwetu kobe. Pukupuku ni Cheep Cheep, wale samaki wekundu wanaorukia daraja la 2-3, kwetu sato. Gesso ni Blooper, mnyama anayefanana na ngisi, lakini mtoto wa ziwani angemjulia wapi ngisi? Tulimwita mdudu wa maji. Jugemu, ambaye Wamarekani wanamwita Lakitu, amekaa kwenye wingu akirusha vitu vyenye miiba: Mabatini alikuwa mzee wa wingu, lakini nilipomuuliza mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni aliyekulia Kirumba, akajibu bila kufikiri, "Yule mvuvi." Wao waliona wingu ni mtumbwi. Nimeandika yote mawili na mtaa wa kila moja. Majina ya Kijapani na Kimarekani hayatapotea, yana watunzaji wengi. Haya ya kwetu yako vichwani mwa watu wachache wanaoelekea uzee, na ukimwona mmoja wao sokoni, muulize hapohapo.

Uvumi usiutupe. Uandike kwa penseli, na siku utakapoujaribu mwenyewe mara tatu ukakubali, upitishie wino. Mfano ni ule wa roho nyingi. Kaka mmoja kibandani alikuwa akisema ukizidisha roho unakufa kabisa, nasi tukamcheka. Tuliujaribu kwenye 3-1, kwenye ngazi karibu na mwisho, ambapo ukimkanyaga kobe vizuri anagonga ngazi na kurudi mguuni pako bila kukoma, pointi zinapanda hadi kila kanyagio linakuwa roho. Idadi huioni ukiwa unacheza, na kwenye kile kioo cheusi kabla ya stegi ikizidi 9 linatokea taji na baadaye michoro isiyosomeka. Kwa hiyo mmoja anacheza, mwingine anasikiliza mlio na kuchora vijiti. Tulipofika vijiti 90 umeme ukakatika, na gemu hii haihifadhi chochote. Jumamosi iliyofuata tukaanza upya, tukapita 130, nikamtumbukiza Mario shimoni. Gemu ikaisha papo hapo. Sababu ni namna namba inavyotunzwa: ikipita 127, mashine inaisoma kuwa ni chini ya sifuri, kwa hiyo inaona huna roho hata moja. Kaka yule nilimtafuta hadi nikampata Igoma, nikamwonyesha ukurasa.

Mwingine ni wa joka, Bowser, adui anayekungoja mwisho wa kila ngome. Kwetu kila aliyefika ngomeni alikimbilia shoka, akakata daraja, joka likaanguka, basi. Ndiyo maana hakuna aliyejua. Fika na ua la moto, umpige mipira ya moto mitano, utaona majoka ya ngome saba za kwanza ni viumbe wengine waliojigeuza: 1-4 ni Goomba, 2-4 kobe wa kawaida, 3-4 Buzzy Beetle, yule mwenye gamba lisiloungua, 4-4 Spiny, mwenye miiba, 5-4 Lakitu, 6-4 Blooper, 7-4 Hammer Bro, kobe mrusha nyundo. Wa 8-4 tu ndiye mwenyewe. Kufika na moto ngome zote saba kulinichukua miezi miwili, na ngome za 4-4 na 7-4 zina njia za kuzunguka zinazokurudisha ulikotoka usipochagua vizuri, kwa hiyo zichoree ramani kwanza.

Ukimaliza dunia moja, peleka daftari steshenari watoe kopi, uwagawie wanaocheza, nawe uwaachie kurasa zote za kushoto wazi. Mimi nilikuwa nimeandika kwa wino kwamba njia ya mkato ya 4-2 ni bomba moja tu la kwenda dunia ya 5. Kijana wa Igogo, anayetengeneza simu, akarudisha kopi yake ukurasa wa kushoto umejaa: gonga masanduku yasiyoonekana yakutengenezee ngazi, gonga tofali la juu, unaota mmea, upande, utakuta mabomba matatu, 8, 7 na 6. Nilienda nyumbani usiku ule ule nikajaribu mara tatu. Ukurasa wake nimeubandika ndani ya daftari kubwa kama alivyouandika, na tarehe na kaseti aliyotumia, nyekundu, chaguo namba 1.